Sahani Iliyorudi Tupu

Majani mabichi ni chakula cha mbuzi. Hivyo ndivyo Léonie alivyolelewa, na kama si kliniki na yule nesi mwenye sauti nyembamba, angezeeka bila kumpa mumewe jani hata moja ambalo halijachemka likalegea kwenye mawese. Kwao Kilwa, Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Mweru, mwanamke akimwekea mumewe kabichi mbichi jioni watu walimuuliza kama ana homa au ana bwana mwingine.

Lakini nesi alimfunga Evariste kile kitambaa cha kupimia presha mkononi, akakijaza upepo, akasoma, akakijaza tena, halafu akamgeukia Léonie badala ya mgonjwa. Tansio iko juu sana, alisema. Chumvi aiache. Mafuta apunguze. Bukari, yaani ugali, asile jioni, isipokuwa kidogo Jumapili. Samaki wasio na chumvi, mboga kwa wingi, mbichi ikiwezekana. Walipokuwa wameshasimama kuondoka, akamshika Léonie kiwiko.

"Muangalie mdomo wake, mama. Siku ukiona upande mmoja umelala, usingoje. Kimbia umulete."

Léonie hakuhitaji kufafanuliwa. Didier, kaka yake Evariste, mdomo wake ulilala upande asubuhi moja akinywa chai. Chai ikamteremkia kifuani na watu wakacheka, wakidhani anawachekesha. Wiki haikuisha wakamzika. Na Evariste alikuwa na shingo fupi ileile ya Didier, hasira zilezile, na mapenzi yaleyale ya samaki wa chumvi. Akienda huyu, Léonie angebaki peke yake Nchelenge, upande wa ziwa usio na hata kaburi moja la ndugu yake. Kurudi nyuma hakukuwezekana, maana mwaka ule wa tisini na nane vita vilikuwa vimeanza upya huko, na habari za Guylain, mtoto wao wa pekee aliyekuwa Lubumbashi, zilikuwa zimekatika. Alibaki na mume huyo, na meza ya samaki katika soko la Kashikishi.

Basi akaanza kutengeneza saladi. Alizitengeneza kwa dharau, lakini alizitengeneza.

Njia yake ilikuwa kukamata chakula ambacho Evariste alikipenda na kukivua nguo. Samaki makobo wa moshi, ambaye zamani aliogelea kwenye mawese na nyanya, sasa alichambuliwa miiba, akavunjwavunjwa juu ya kabichi iliyokatwa nyembamba kama uzi, akakamuliwa ndimu na kutupiwa kitunguu. Maharage ya jana yalimwagwa maji, yakachanganywa na nyanya mbichi na pilipili. Viazi vitamu alivichoma kwenye jiko lilelile alilochomea mahindi sokoni, akavikata vipande, akavilaza juu ya majani ya maboga yaliyopitishwa tu kwenye maji ya moto, halafu akanyunyiza karanga za kutwanga ili mtu asahau kwamba mafuta hayapo. Kazi yote ilikwisha kabla sufuria ya bukari ya jirani haijaanza kutokota. Hilo pia lilimuudhi. Chakula kisichomtoa mwanamke jasho, aliona, ni mzaha.

Ila ulimi wake haukujua kudanganya. Alipoonja ile ya viazi na karanga aliduwaa, akaonja tena, kisha akajikasirikia.

"Usiambie mutu," Evariste alikuwa amemwambia njiani kutoka kliniki. "Bakijua miko mugonjwa, nani atanibeba tena mu mutumbwi? Batasema nitawafia mu maji."

Kazi yake ilikuwa kuvuka hadi kwenye kambi za wavuvi na kununua samaki kabla hawajafika sokoni, na ni kweli kwamba hakuna mpiga kasia anayetaka kurudi na maiti. Léonie akakubali kunyamaza. Alikubali upesi kuliko alivyohitaji, kwa sababu naye alikuwa na sababu yake. Hakutaka wanawake wa pale wamwonee huruma.

Aliwadharau wote. Nyumba zao zilizunguka uwanja mmoja karibu na ufuko, na katikati ulisimama nsaka, kile kibanda cha nyasi kisicho na kuta ambamo wanaume walishona nyavu mchana na kula pamoja jioni. Kila mke alipeleka sahani yake nsaka. Wanaume walinawa mikono, wakafunua sahani zote, na kila mkono uliingia kila sahani. Mwanamume aliyekumbatia sahani ya mke wake tu aliitwa mchoyo, na aliyeruka sahani ya mke wa mwenzake alikuwa amemtukana mwenzake. Kwao Kilwa walikuwa wameacha mambo hayo, au ndivyo Léonie alivyopenda kusema. Mbele ya bomba la maji, wanawake wote wakiwapo, alikuwa amesema pia kwamba samaki wa Agness, mke wa Nsama, wananuka matope.

"Banapika na maji ya ziwa," alisema kwa sauti ya kusikika. "Banatoa samaki mu matope, banairudisha mu matope."

Agness alijitwika ndoo yake akaondoka. Tangu siku hiyo hawakusalimiana ila kwa kichwa.

Lakini mtu aliyemdharau kuliko wote alikuwa Patson. Mke wa Patson alikuwa amefariki, na badala ya kutafuta mwingine au kujifunza kuwasha moto, alikuwa akiingia nsaka kila jioni mikono mitupu, akinawa wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Miguu yake ilikuwa imevimba, kola ya shati lake imekatika, na alishukuru kila kitu kwa sauti ya kanisani. Léonie akimwona akipita uwanjani alifunika sahani yake hata kama haina kitu.

Jioni baada ya jioni sahani ya saladi ilikwenda nsaka na ikarudi tupu, imefutwa hadi maua yaliyochorwa chini yakaonekana. Léonie aliitazama na kujisifu. Amekula, basi. Mwanamume mkubwa, shabiki wa bitoyo, wale samaki wa chumvi, anakula kabichi na kusafisha sahani, na ni yeye Léonie aliyemfikisha hapo, si nesi. Evariste alirudi kutoka nsaka akijipangusa midomo, uso wake mpole kama wa mtu aliyetoka kuungama.

"Ilikuwa muzuri?" alimuuliza.

"Muzuri sana, Mama Guylain."

Kilichomshangaza ni kwamba mtu mwenyewe hakupona. Viatu vilianza kumbana. Asubuhi moja kikombe kilimponyoka mkono wa kushoto, akakitazama chini kana kwamba ni cha mtu mwingine. Waliporudi kliniki, nesi alijaza upepo kitambaa chake na kusema tansio imepanda zaidi. Léonie alimwambia kwamba mashine yake ni mbovu. Alimwambia pia kwamba yeye bado ni mtoto, na kwamba Kilwa kulikuwa na dokotera aliyepima tansio kwa kushika tu mkono. Nesi alimwacha amalize, kisha akauliza anakula nini jioni. Léonie akaeleza, na nesi akasema kwamba kama ni hivyo, yeye naye haelewi. Njiani kila mara Léonie alijikuta akiutazama ule mdomo wa Evariste.

Ukweli uliletwa na Patson. Alikuja Jumamosi mchana, amevaa shati safi, ameshika samaki mkubwa aitwaye pale, mbichi, aliyepitishwa ukambaa mdomoni. Alipiga magoti kwa heshima mlangoni, akapiga makofi kidogo kama wanavyofanya Wabemba.

"Mama, mukwai, nimekuja kusema asante. Hii samaki ni kidogo tu."

"Asante ya nini?" aliuliza Léonie, bila kumkaribisha kiti.

"Ya chakula. Ile majani, na samaki ndani, na ile karanga. Tangu bibi yangu alikufa sijakula hivi. Angalia miguu." Akanyoosha mguu. Ulikuwa mguu wa mtu, mkavu, una mifupa. "Ilikuwa imejaa maji. Sasa naenda mpaka Kashikishi bila kupumuzika."

Léonie aliutazama mguu ule kwa chuki.

"Unakula yote?"

"Yote, mama. Bengine banaonja tu, habapendi. Banasema ni ya sungura. Ba Evariste anaisukuma kwangu pole-pole, anasema, kula, kaka, kula. Mutu muzuri sana. Yeye anakula ya ba Agness." Patson akatabasamu kwa mapenzi. "Anapenda sana ya ba Agness."

Alipokwisha kuondoka, yule samaki akabaki sakafuni, kinywa wazi. Léonie alijua sasa ni nani aliyekuwa akinenepa na ni nani aliyekuwa akipona. Alikuwa amemtibu mtu asiye wake, tena kwa mkono wake mwenyewe.

Evariste hakukana. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akakuna goti.

"Ni adabu, Mama Guylain. Nitakatala sahani ya batu namna gani? Nsama ananitazama."

"Adabu! Didier njo alikufa na adabu. Uko muoga. Uko muoga wa kusema hapana kwa samaki! Mutu muzima, ndevu iko mweupe, anadanganya bibi yake juu ya mafuta!"

"Basi nipe kidogo tu ya mafuta hapa nyumbani, nitaacha kule."

"Kula hapa ndani, mbele yangu. Kuanzia leo."

Hapo ndipo alipokasirika Evariste. Mwanamume anayejifungia ndani wakati wenzake wanakula nsaka ama anaficha nyama ama anakufa, alisema, na kesho yake pwani nzima itakuwa inajua ni lipi. Hatafanya hivyo. Akatoka, akaenda nsaka, akala.

Léonie alimdharau jioni ile kama hajawahi kumdharau. Lakini dharau haishushi tansio, na alilijua hilo. Evariste hangekataa sahani iliyowekwa mbele yake. Hakuwa na mfupa huo, na Léonie alikuwa ameolewa naye akijua. Kama sahani zote zingekuwa na chumvi, angekula chumvi mpaka mdomo ulale. Kulikuwa na njia moja tu, na njia hiyo ilipita mlangoni kwa Agness.

Alizunguka uwanja mara kadhaa akijifanya anatafuta kuku. Kisha akaingia.

Agness alikuwa akipepeta mihogo iliyotwangwa. Alimwona, akaendelea kupepeta. Léonie alisimama pale na kitenge chake kizuri cha Lubumbashi, akasubiri kukaribishwa, na hakukaribishwa. Basi akapiga magoti. Alipiga magoti kwenye vumbi la unga, akapiga makofi matatu kama Patson, jambo aliloapa mbele ya bomba la maji kwamba hatalifanya mbele ya mwanamke yeyote wa upande huu wa ziwa.

"Ba Agness. Bwana yangu iko mugonjwa."

Ungo ukasimama.

Akaeleza yote. Tansio, chumvi, mafuta, Didier na chai yake, kikombe kilichoponyoka. Alipofika kwenye mdomo kulala upande sauti ikamtoka vibaya. Agness alikuwa amefunika kinywa kwa kiganja.

"Mawe!" alimaka kwa Kibemba. "Sisi hatukujua," alisema. "Mama, hatukujua. Tuliona unamupelekea majani kila siku. Tukasema, huyu mwanamuke wa Kongo anamutesa bwana yake. Anauza samaki kwa batu, yeye anamupa majani. Tukamusikia huruma. Bote, tukasema, tumusaidie." Akashusha macho kwenye ungo. "Mimi nilikuwa naongeza munyu juu yake. Na mafuta. Anasema inamupendeza, naongeza tena."

Léonie alibaki amepiga magoti. Kwa hiyo walikuwa wamemdharau wao kwanza, hawa wanawake wa matope. Uwanja mzima ulikuwa umemweka yeye Léonie kwenye fungu la wanawake wachoyo, na kwa huruma yao walikuwa wakimuua mumewe kijiko kwa kijiko. Alitaka kusema neno baya na alikuwa nalo tayari. Akalimeza.

"Musaidie kuacha," alisema. "Bote mupike vile mimi napika. Jioni za kazi tu. Jumapili mufanye vile munataka."

"Bwana zetu batapiga kelele."

"Bapige."

Agness aliwaza. Kisha akaweka ungo kando na tabasamu dogo likampitia, tabasamu la mtu aliyesubiri miezi mingi.

"Sawa. Nitaongea na benzangu. Lakini kwanza utakula kwangu. Iko samaki mu chungu."

Akamwekea. Samaki alikuwa wa jana, amechemshwa na kuchemshwa tena, na Agness aliketi mbele yake, mikono imekunjwa, akitazama kila tonge. Léonie alikula kichwa, akala mkia, akafyonza miiba. Akapiga makofi na kusema asante.

Siku ya pili yake wanawake walikusanyika jikoni kwake, na Léonie alifundisha bila upole wowote. Mmoja alikata kabichi vipande vya kulishia ng'ombe, akamnyang'anya kisu. Mwingine alikuja na sombe mbichi, akitaka kuikata hivyohivyo, na Léonie akayamwaga majani yale nje.

"Majani ya muhogo habakule mubichi! Unataka kuua bote siku moja?"

Walicheka, na walimcheka yeye pia, lugha yake na haraka zake. Hakuwapenda zaidi. Lakini walikata, wakakamua ndimu, na chumvi ikabaki kwenye kopo lake.

Jioni wanawake walijipanga nyuma ya uzio wa matete, wakachungulia. Wanaume walinawa. Nsama, kama mwenye umri mkubwa, akafunua sahani ya kwanza na kukuta kabichi. Akafunua ya pili, nyanya na maharage. Ya tatu, majani ya maboga. Alifunua upesi zaidi, kama mtu anayetafuta kiatu chake, na vifuniko vikalia sakafuni hadi sahani zote zikakaa wazi, za kijani tupu.

"Nini hii?" aliuliza Nsama. "Tumekuwa mbuzi?"

Mke hawezi kunyamaza na jambo kama lile kutwa nzima, na Léonie aliona kwamba wengine tayari walikuwa wanajua, maana mmoja baada ya mwingine waligeuka kumtazama Evariste. Nsama naye akamtazama. Evariste alikuwa ameinama juu ya mikono yake iliyolowa. Hapakuwa na sahani ya kukimbilia.

Ni Patson aliyenyoosha mkono, akiwa na furaha kubwa, kana kwamba ni Krismasi. Kisha Nsama, akinung'unika, akatia vidole kwenye kabichi ya mke wake mwenyewe, akatafuna huku ameukunja uso. Wengine wakafuata. Mwishowe Evariste naye akala.

Alirudi nyumbani kabla giza halijaingia vizuri, akaketi kwenye kiti cha mlangoni, na Léonie akajiandaa.

"Umebaambia."

"Nimebaambia."

"Sasa bote bananitazama kama maiti."

"Bakutazame. Maiti haioni ni nani anaitazama."

Evariste alitazama maji. Mtumbwi mmoja ulikuwa ukivutwa ufukoni, na aliyeuvuta, ambaye tayari angekuwa amesikia, alimpungia mkono kama siku zote. Evariste akampungia naye. Kisha akatema mate pembeni.

"Majani ya bibi ya Nsama ni mabaya," alisema.

Léonie akageuka.

"Mabaya namna gani?"

"Iko maji tu. Hakukamua nyanya. Na kabichi iko munene kama kamba ya nanga. Unatafuna, unatafuna, inakutazama." Uso wake ulikuwa umejaa dharau ya kweli. "Na ule mwingine ameweka kitunguu kizima. Kizima, Mama Guylain! Nikataka kula yako, na Patson alikuwa ameimaliza. Anakumbatia sahani ule mutu. Hana adabu."

"Miezi yote hii uliisukuma kwake."

"Sikujua zingine zitakuwa vile." Akajikuna shingo, ile shingo fupi ya Didier. "Kesho uiweke upande wangu. Kabla mi sijakaa."

Léonie alichukua ufagio ingawa hapakuwa na kitu cha kufagia.

"Na Agness alikubali bure tu?" aliuliza Evariste. "Na vile ulimutukana?"

"Nilikula kwake."

"Ulikula nini?"

"Samaki."

Alimtazama, akangoja. Léonie aliendelea kufagia, akafika ukutani, akageuka.

"Iko na matope," alisema.

Evariste alianza kucheka. Alicheka akishika tumbo, akacheka mpaka kiti kikalia na kuku wakakimbia, na Léonie akaacha ufagio uanguke, akamkaribia, akainama kwenye mwanga ule mdogo uliobaki ili auone vizuri mdomo wake. Pande zote mbili zilikuwa zinacheka.